Uzi wa wazazi: kumsomea mtoto mdogo kitabu cha dinosaria, njooni tupeane ujanja

BabaKulwa

Wakuu habari za jioni. Wenye watoto wa miaka miwili mpaka sita ambao nyumba imetekwa na dinosaria naomba tukutane hapa. Kwangu kuna kitabu kimoja cha picha nimekipata kwa jamaa anayetandaza vitabu vya mtumba pembeni ya barabara, kurasa ngumu za boksi, kila ukurasa mnyama mmoja mkubwa na maneno mawili matatu ya Kiingereza chini. Pacha wangu wanaelekea miaka minne, wanakipenda kuliko katuni. Mdogo wao anayetambaa naye anakipenda ila yeye anakitafuna.

Niweke msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga anipinge vizuri. Kitabu cha picha kwa mtoto wa umri huo hakisomwi, kinapigiwa stori. Ukianza kusoma maandishi neno kwa neno, umemaliza unafungua ukurasa mwingine, mtoto keshashuka kitandani kaenda kutafuta gari lake. Mimi Kiingereza chake nimeachana nacho, naongea Kiswahili cha nyumbani, wao ndo wanafungua kurasa, wakitaka kurudi nyuma tunarudi, wakiganda kwa yule mwenye pembe tatu tunaganda wote mpaka wachoke wenyewe.

La pili ndo hasa limenileta. Ule ukurasa wa dinosaria mwenye shingo ndefu wengi wetu tunaupita tu tukikimbilia yule mla nyama. Jamani yule ni mtu wa Lindi! Mifupa yake imechimbwa Tendaguru, huko huko kusini, Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913 wakaipeleka Berlin, na mpaka leo imesimamishwa huko kwenye makumbusho, urefu wa kwenda juu mita 13.27, ndo mifupa ya dinosaria mirefu kwenda juu kuliko yote iliyounganishwa na kusimamishwa duniani. Kitabu changu hakisemi hata neno moja kuhusu hilo. Kwa hiyo nawaambia mwenyewe, na siku hizi wakifika hapo wanapiga kelele "wa Lindi huyoo" kabla sijafungua mdomo.

Nyie mnasomaje? Na mnajibu nini wakiuliza dinosaria wameenda wapi?

KitiChaMbele

Nimekaa na karanga zangu, uzi huu haunipiti. Sina mtoto lakini dinosaria nawapenda mwenyewe.

MamaZuu

Baba Kulwa asante kwa uzi maana mi nimekwama. Zuu ana miaka mitatu, kitabu anakitaka kila usiku lakini tukifika kwa yule T. rex, yule mla nyama mkali mwenye mdomo wazi, anajificha kwenye khanga yangu analia, halafu nikikificha kitabu analia tena anakitaka. Nimejaribu kumwambia huyo hayupo tena alishakufa zamani, basi ndo nimeharibu kabisa, sasa anauliza na bibi atakufa lini. Nisaidieni.

Mwl_Chekechea

Mama Zuu pole, hiyo ni kawaida sana, nawaona darasani kila mwaka. Usimlazimishe na wala usikifiche. Chukua kibanio cha nguo, mwambie Zuu wewe ndo mwenye ufunguo, bana ukurasa wa huyo mnyama, siku ukitaka kumwona unafungua mwenyewe. Mtoto anachoogopa ni kushtukizwa. Akijua yupo wapi na yeye ndo anaamua, utashangaa wiki mbili tatu zijazo anakifungua kibanio mwenyewe anamchungulia anafunga tena anacheka. Na sauti yako punguza, wazazi wengi mkifika hapo mnanguruma kama simba mkidhani mnanogesha.

Kuhusu kufa, jibu fupi la kweli linatosha. "Waliishi zamani sana, kabla ya watu wote, sasa hawapo." Akiuliza la bibi ni swali jingine, lijibu kama swali la bibi.

Sasa na mimi nimuunge mkono Baba Kulwa kwa uzoefu wa darasa. Mimi nina watoto wengi na kitabu kimoja, hebu fikiria. Nikikishika mbele wanaona wa mstari wa kwanza tu, wa nyuma wanaanza kupigana. Nilichofanya nimechora wanyama wanne kwenye karatasi za manila, wakubwa, nikabandika ukutani, kitabu chenyewe kinazunguka kwa vikundi. Na kanuni yangu ni hii: uliza, kaa kimya, mpe muda. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji muda mrefu kuliko unavyodhani kupanga jibu, sisi watu wazima tunajijibu wenyewe kabla hajafungua mdomo. Akisema "mkia" unarudia unaongeza kidogo, "eeh mkia, mkia mrefu wenye miiba", kesho utamsikia anasema mkia mrefu wenye miiba kama ni maneno yake. Lugha inakua hivyo, na hapo hujasoma hata sentensi moja ya kitabu.

Mpingo77

Mi niwe mkweli hata kama mtanirushia mawe. Watoto wetu hawajui fisi na sungura, hawajui Abunuwasi, hawajui hata jina la mti wa mbele ya nyumba yao, ila wanajua majina ya mijusi iliyokufa mamilioni ya miaka yenye majina ya kuuma ulimi. Hayo mambo ya wazungu tu, wanauza midoli na mashuka. Mwanangu mimi hadithi namsimulia kwa mdomo, taa imezimwa, kitabu cha nini?

BabaKulwa

Mpingo mkuu hujanikera hata kidogo, ila umesoma post yangu nusu. Nimesema yule mkubwa katoka Lindi, uzungu wake uko wapi hapo? Na fisi na sungura kwangu wapo, tena sungura ndo kampanda shingo dinosaria kwenye stori zetu akachuma embe za juu. Anayekataza kuchanganya nani?

MmachingaHalisi

Baba Kulwa umenigusa, mi ni wa Lindi kabisa. Acheni niwape kidogo mnayoweza kuwaambia watoto maana hii stori ni tamu kuliko picha zenyewe.

Kilima cha Tendaguru kiko kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini kuelekea kaskazini magharibi, ndani huko. Mwaka 1906 mhandisi mmoja wa madini Mjerumani, Sattler, akaonyeshwa mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi. Zingatieni mwaka, Vita ya Maji Maji ilikuwa haijaisha vizuri, kusini yote ilikuwa imeungua na watu wana njaa. Miaka mitatu baadaye wakaja wataalamu wa Berlin, kina Janensch na Hennig, wakaajiri watu wa huku huku, na ilipopamba moto wachimbaji na wapagazi walikuwa mamia. Mifupa ikafungwa kwa udongo na mianzi isivunjike, halafu watu wakabeba kichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi, mwendo wa siku nne hivi kwa mguu. Zaidi ya tani 200 wakuu. Hakuna lori. Mfupa mkubwa unabebwa na watu wengi kwa mti.

Na msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua ile mifupa kuliko wageni wengi. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru kapewa jina lake, Australodocus bohetii. Mimi nikimsomea mpwa wangu picha ya yule mwenye shingo ndefu sianzi na mnyama, naanza na Boheti: "palikuwa na mzee mmoja anachimba kwa uangalifu, akakuta kitu kigumu..." hapo mtoto anatoa macho. Mpingo77 hadithi yako ya mdomo na taa imezimwa hiyo hapo, ichukue bure.

KitiChaMbele

Aisee hii ya Boheti shuleni sikufundishwa hata mstari. Karanga zimeniisha, naongeza.

MtaalamuWaMawe

Mimi nimesomea jiolojia, niweke mambo sawa kidogo kabla watoto hawajapewa chumvi nyingi.

Wale wa Tendaguru wana kama miaka milioni 150. T. rex ni wa miaka milioni 68 hadi 66 na mifupa yake imepatikana Amerika Kaskazini tu. Maana yake huyo T. rex hajawahi kumwona wala kumla huyu wa Lindi, wamepishana miaka zaidi ya milioni 80, yaani T. rex yuko karibu zaidi na sisi kuliko alivyo karibu na huyu wa Tendaguru. Vitabu vingi vya watoto vinawachora wote kwenye bonde moja wanapigana. Mama Zuu hii unaweza kuitumia, mwambie huyo mkali hajawahi kufika kwetu.

Pili, wale wanaoruka wenye mabawa ya ngozi si dinosaria, ni ndugu zao tu. Na wale wa baharini wenye mapezi nao si dinosaria. Ila ndege ni dinosaria, hilo halina utani, wametokana na dinosaria wadogo wala nyama waliotembea kwa miguu miwili.

Tatu, jina. Kwenye vitabu vingi yule mrefu kaandikwa Brachiosaurus. Janensch alimwita hivyo 1914 kwa sababu kulikuwa na ndugu yake wa Colorado aliyeelezwa 1903, ila baadaye wataalamu wakaona tofauti zimezidi, huyu wetu sasa anaitwa Giraffatitan. Kinachochekesha ni kwamba picha nyingi za huyo Brachiosaurus zimechorwa kwa kufuata mifupa ya Berlin maana ya Marekani ilikuwa pungufu sana. Kwa hiyo Baba Kulwa pacha wako wanaposema "wa Lindi huyoo" wako sahihi hata kama kitabu kimeandika vingine.

Na Lindi si peke yake. Kule bonde la Rukwa kuna mmoja kapewa jina 2019, Mnyamawamtuka moyowamkia (Mtuka ni mto wa huko), mfupa wa mkia wake una umbo la moyo. Na bonde la Ruhuhu karibu na Ziwa Nyasa kuna Asilisaurus kongwe, huyo ni jamaa wa karibu wa dinosaria, mkongwe kuwapita wa Tendaguru kwa mbali.

BabaKulwa

Mnyama wa Mtuka moyo wa mkia! Nimewaambia sasa hivi, Doto anazunguka sebuleni anaimba jina zima bila kukosea na baba yake ananyoosha ulimi kwenye ya Kilatini.

Ila mtaalamu umeniletea balaa. Nimewaambia kuku ni dinosaria, tukaenda uani tukamwangalia jogoo miguu, yale magamba, zile kucha tatu mbele, anavyokanyaga kwa mikogo, kweli wakaona wenyewe wakaamini. Jumapili mama yao kapika kuku. Kulwa kakataa kula, kasema hali dinosaria. Doto kala mapaja yote mawili kwa furaha anasema yeye ndo T. rex. Mama watoto ananiangalia mimi.

MtoiWaNairobi

Haha Doto ako na maisha yake. Sisi huku Kenya mifupa ya dinosaria imepatikana huko Turkana pia, lakini usikie vile watoto wangu wameamua dinosaria wote ni wa Amerika kwa sababu ya katuni. Swali langu, mimi kijana wangu ana miaka mitano na sasa anataka kujua ukubwa, kila saa "daddy ni mkubwa kama hii nyumba? kama hii matatu?" na mimi sina jibu la maana. Mnafanya nini?

Mwl_Chekechea

Kaka hilo nalipenda mno, ndo somo langu bora la mwaka mzima. Chukua kamba ndefu na chaki au mkaa, nendeni nje pana nafasi, kiwanja cha mpira ndo kizuri. Pima mita 13 na robo, laza kamba chini, mwambie hii isimamishe iende juu, ndo kichwa chake kilipofika. Halafu mwache atembee juu ya kamba akihesabu hatua zake. Twiga mkubwa ni mita tano na kitu, weka jiwe hapo kwenye kamba aone twiga anaishia wapi, bado zaidi ya nusu ya kamba imebaki. Huo ni urefu wa kwenda juu tu, kutoka pua mpaka ncha ya mkia ni mita 22 na ushee, watoto wangu darasa zima wanajipanga mstari wanashikana mikono kuufikia.

Halafu muonyeshe na wadogo. Tendaguru hiyo hiyo kuna Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni na mkiani, mita nne na nusu hivi, huyo unamchora uwanjani ukubwa wake kamili na mtoto analala ndani ya mchoro. Wadogo wanawapenda kuliko mnavyodhani, maana kwa yule mkubwa mtoto hajioni popote.

Baada ya hapo udongo wa mfinyanzi, kila mtu anatengeneza wa kwake. Usimsahihishe miguu. Akiweka sita ni sita.

Mtumishi_Mnyenyekevu

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba kuuliza bila ugomvi, nyie mnaoamini Mungu aliumba vyote mnawaambiaje watoto hiyo mamilioni ya miaka? Mimi nimekinunua hicho kitabu lakini roho inasita.

MmachingaHalisi

Mtumishi, mi ni Mwislamu na jibu langu kwa mpwa wangu ni kwamba Mwenyezi Mungu ameumba viumbe vingi, vingine hatukuwahi kuviona tunaona mifupa tu. Mtoto wa miaka minne milioni na juzi kwake ni kitu kimoja. Mjadala wa miaka mwachie akikua auongee na nyie wote wawili, wewe na mwalimu wake.

DadaWaBerlin

Wapendwa nimechelewa ila lazima niseme kitu, naishi Berlin na hayo makumbusho nimepeleka wanangu. Unaingia tu ule ukumbi mkubwa yuko mbele yako, shingo imesimama inakwenda juu karibu na paa la vioo. Mifupa ilisimamishwa mara ya kwanza 1937 na ilipofanyiwa ukarabati mpaka 2007 wakamuunganisha upya, mkia ukainuliwa kutoka chini na miguu ikanyooshwa. Pembeni yake wapo wenzake wengine wa Tendaguru, yule wa miiba naye yupo.

Sasa mwanangu wa kike alikuwa na miaka minne, tulikuwa tumekisoma kitabu nyumbani kwa Kiswahili, mimi na msimamo wa Baba Kulwa tuko pamoja. Akasimama hapo akaniuliza kwa sauti kubwa ukumbi mzima, kwa Kiswahili, "Mama, huyu wa Lindi anarudi lini kwao?" Sikuwa na jibu la mtoto wa miaka minne. Nikamwambia watu wazima wanaliongelea. Kweli linaongelewa, Tanzania na hapa pia, ila naona mwenye uzi hataki siasa.

Mpingo77

Siasa gani, hilo ndo swali pekee la maana kwenye uzi mzima. Huyo binti apewe ubunge.

BabaKulwa

Mpingo fungua uzi wake nitakuja, hapa tuwaachie watoto. Ila nakubali binti kauliza.

Kuna aliyenifuata pembeni kauliza wameenda wapi unajibuje, narudisha hapa kwa faida ya wote. Mimi nawaambia kuna jiwe kubwa kama mlima lilidondoka kutoka angani, miaka milioni 66 iliyopita, likapiga sehemu ambayo leo ni Mexico, vumbi likafunika jua, majani yakafa, wala majani wakakosa chakula, na wala nyama nao wakakosa. Wadogo wenye manyoya wakabaki, ndo hao ndege. Nimeangalia nyuso zao nikimaliza, hawaogopi, wanachotaka kujua ni kama jiwe lilitoa sauti. Nikigonga sufuria wanafurahi sana, tunarudia mwanzo.

MtaalamuWaMawe

Sawa kabisa. Ongeza tu kwamba hawa wa Lindi walishatoweka zamani sana kabla ya hilo jiwe. Pacha wako watakuuliza, wajue hawakuwepo.

MamaZuu

Nimerudi jamani. Kibanio cha nguo kinafanya kazi. Bado hajakifungua ila anakitembeza ukurasa hadi ukurasa, jana kambana yule mwenye pembe tatu, anasema naye kafanya makosa.

Sasa nataka kununua cha pili, hicho kimoja nimekariri. Naangalia nini nikiwa pale kwa muuza mtumba?

MtaalamuWaMawe

Angalia mkia kwanza. Kama T. rex kachorwa kasimama wima kama kangaruu mkia umeburuzwa chini, hicho ni cha zamani sana, mkia unatakiwa uwe juu hauburuzwi na mwili umelala mbele. Pili angalia kama kuna wadogo wenye manyoya. Tangu 1996 China wamepata dinosaria wadogo mawe yao yameacha alama za manyoya, kitabu kisichokuwa na hata mmoja mwenye manyoya kimepitwa. Hata hivyo cha zamani si cha kutupa, kikiwa bei ya chini kichukue uwe nacho pamoja na kipya, mtoto mwenye miaka mitano anafurahi kuambiwa tafuta kosa.

Mwl_Chekechea

Na mimi naongeza la mikono. Kwa Zuu chukua kurasa ngumu, picha moja kwa ukurasa, ukiona ukurasa una wanyama kumi na mishale na namba hicho ni cha wa darasa la pili. Kagua kama kurasa zote zipo, vya mtumba vingi katikati pamenyofolewa. Pembe zikiwa zimefumuka piga selotepu pana kabla hujampa. Na kama kuna mdogo anayetafuna kama wa Baba Kulwa, futa kwanza kwa kitambaa chenye sabuni kidogo halafu kianike kivulini, jua kali linakunja kurasa za boksi.

BabaKulwa

Wa kwangu keshamla Kentrosaurus mkia wote, mwalimu. Nimemkata mwingine kwenye boksi la sabuni nikambandika.